Sadaka ya Vidonge

Valea Răchitei, 6 Novemba 2006

Raisa mwanangu,

Kifurushi kimefika salama. Anton dereva alikileta mwenyewe mpaka mlangoni, nikamkaribisha mvinyo akakataa, nikajua huyu lazima anaumwa. Kahawa nimeiona, mafuta ya zeituni nimeyaona (yananuka majani, lakini asante), soksi za mwanao Ilinca zimemkaa sawasawa. Na ule mfuko wa vidonge niliubusu kabla sijaufungua.

Nakuandikia barua kwa sababu kwa simu ya Tudora mtu haongei. Nikishaishika tu, jirani yetu anavuta kiti, anaanza kumenya viazi, masikio yote kwangu. Ilinca ndiye hajali. Yeye Jumapili akikupata anabwabwaja mpaka kadi yako inaisha, kisha ananilaumu mimi.

Sasa sikiliza, ufurahi. Juzi ilikuwa Jumamosi ya Wafu. Wenzangu walitoa sadaka zao zile zile: mkate wa kusokota, mshumaa, kikombe, taulo. Mimi nilifunga kwenye kila taulo vidonge viwili viwili vya Kitaliano! Nikawa nampa mtu namwambia, pokea, kwa roho ya Grigore wangu. Wanawake walilia, Raisa. Nani asiyekumbuka baba yako alivyokufa, baridi ile ya mwaka tisini na nne, kifua kinapiga mluzi kama birika na duka la dawa rafu tupu? Mimi nilifundishwa tangu mdogo: tunachokitoa huku, wao wanakipata kule. Basi baba yako sasa ana dawa. Hata padri alivipokea, akavitia mfukoni upesi asije akaombwa.

Ilinca alikuwa na homa wiki iliyopita, akawa analalamika kwamba akikojoa panachoma. Nikampa kimoja asubuhi, kimoja jioni, siku mbili tu, homa ikakimbia. Ameshaanza tena kumfukuza jogoo wa watu.

Tuma vingine. Hasa vile vyekundu na njano, watu wanaviamini zaidi kwa sababu ya rangi.

Mama yako,
Agafia


Padova, 13 Novemba 2006

Mama,

Vidonge kwenye sadaka! Nilicheka mpaka Bi Ersilia ninayemtunza akagonga ukuta kwa fimbo akidhani nimepandwa na wazimu. Wewe mama yangu hufai. Kisha nikamkumbuka baba. Umefanya vizuri. Angekuwa na hivyo vidonge wakati ule, leo angekuwa anamfundisha Ilinca kuiba cheri.

Usiogope, vitakuja vingine. Bibi wangu huyu ana miaka themanini na nane, kibofu kinamsumbua kila baada ya muda. Daktari wake anamwandikia dawa bila hata kunyanyua kichwa. Akimeza siku tatu akapata nafuu, anafunga mdomo kama mtoto, hataki tena. Nami simlazimishi. Nasema haya bibi, umepona, kiboksi kinaingia mfukoni mwangu. Kutupa dawa ni dhambi wakati nyumbani watu wanakufa kwa kuzikosa. Mwanawe hajui na wala haulizi.

Lakini Ilinca, kama panamchoma tena, mpeleke akaonwe na mtu. Sawa mama? Mwambie Jumapili nitapiga.

Wako,
Raisa


Padova, 27 Novemba 2006

Mama,

Leo sina utani. Soma barua hii ukiwa umekaa.

Bi Ersilia yuko hospitali. Homa ilimrudia Jumatano, akaanza kuniita kwa jina la dada yake aliyekufa. Tulimpa vidonge vile vile vya siku zote. Havikufanya kitu, Mama, ni kama kumpa maji. Ugonjwa umetoka kwenye kibofu umeingia kwenye damu.

Kuna daktari kijana pale wodini. Aliniuliza, mara ya mwisho bibi alimaliza dozi? Nikasema ndiyo. Hakuamini. Halafu akanieleza polepole, kwa kuwa Kitaliano changu si kizuri, na nitakueleza vile vile. Ukimeza antibiotiki, vijidudu dhaifu vinakufa kwanza, ndiyo maana siku ya tatu mtu anajiona mzima. Vile vigumu bado vipo. Ukikatisha dozi unakuwa umevibakiza hivyo hivyo vigumu peke yao, navyo vinazaa, na watoto wao dawa ile hawaiogopi tena. Kupata nafuu si kupona, akaniambia. Na vikishakuwa sugu vinahama, mtu kwa mtu, mkono kwa mkono, choo kwa choo.

Mama, hapo hapo nikaanza kuhesabu kwa vidole. Nilikuwa namfikiria Ilinca. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, siku mbili!

Usimpe tena chochote. Nakuomba. Akipata homa mpeleke kwa daktari, na umwambie daktari kila alichomeza. Na vile vidonge ulivyogawa vikusanye vyote, nyumba kwa nyumba, hata vya padri. Viwili havimponyi mtu, vinawafundisha tu vijidudu.

Raisa


Valea Răchitei, 28 Novemba 2006

Raisa mwanangu,

Naandika haraka, Anton anaondoka leo na gari lake linanguruma nje. Nimekufungia jibini na kabeji zilizoviringishiwa nyama, ule kabla hazijachacha.

Ilinca alipata homa tena kidogo, na mgongo unamuuma hapa chini ya mbavu. Alibeba kuni nzito, anajifanya mwanamume. Nikampa vile vyeupe, vikakataa. Nikampa vyekundu na njano, nimebadilisha rangi, nadhani hivi vina nguvu. Jana homa ilishuka, leo imepanda kidogo, itashuka. Mimi nimelea watoto wanne na hakuna aliyenifia mkononi.

Usiwe na wasiwasi. Wewe mtunze tu bibi wako, na ukiona vyekundu na njano vimebaki, vilete.

Mama yako,
Agafia


Valea Răchitei, 5 Desemba 2006

Raisa,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma nimekaa, kama ulivyosema, kisha nikasimama kwa hasira.

Vidonge vya hapa nyumbani nimevifungia kwenye kopo na sitavigusa. Hilo nimekubali, basi. Lakini la kukusanya, hapana. Unajua unachoniomba? Vile si vyangu tena, wala si vya Tudora wala vya padri. Vile ni vya baba yako. Nilivitoa kwa jina lake, mshumaa ukiwa unawaka. Sadaka ya marehemu ukiirudisha unakuwa umeingiza mkono kaburini na kumnyang'anya. Unataka nimpokonye dawa mume wangu kwa mara ya pili? Mara ya kwanza serikali ilimnyima, sasa mkewe? Huko Italia wamekusahaulisha ulikotoka.

Ilinca hajambo. Amechoka kidogo tu. Jumapili ulipopiga simu tulikuwa kanisani.

Agafia


Padova, 12 Desemba 2006

Mama,

Kanisani saa kumi jioni?

Nimepiga tena jana. Tudora akapokea, nikamuuliza mama na Ilinca wako wapi, akasema, "Si wako wilay..." halafu akaanza kukohoa, akasema maziwa yanamwagika jikoni, akakata simu. Tudora hana hata ng'ombe sasa hivi! Nimepiga tena mara nyingi sana, simu inalia tu.

Wilayani kuna nini? Kuna soko na kuna hospitali. Soko halifunguliwi Jumatatu.

Mama, mficha maradhi kifo humuumbua. Ulinifundisha wewe mwenyewe, nilipoficha kwamba baba anatema damu. Niambie mwanangu yuko wapi. Nikanyage mimi, nitukane, niite Mwitaliano, lakini niambie.

Bi Ersilia tulimzika Ijumaa. Walimjaribishia dawa hii na ile, zote zikagonga mwamba. Mwanawe alinishika mikono akanishukuru kwa kumtunza mama yake vizuri. Mama, nilitamani ardhi inimeze. Vile viboksi nilivyokuwa navitia mfukoni nilidhani ni makombo ya matajiri, kumbe ndivyo vilikuwa nusu ya uhai wake.

Mwanawe ameniruhusu nikae hapa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Nikitaka kuja sasa hivi naweza, lakini unajua sina karatasi za kukaa huku. Nikishavuka mpaka, kurudi Italia ni ndoto, na pesa ya kuishi hatuna nyingine. Sema neno moja tu, nakuja. Ila sema la kweli.

Raisa


Hospitali ya wilaya, 19 Desemba 2006

Raisa mwanangu,

Nisamehe. Naandikia gotini, Ilinca amelala kwenye kitanda cha pembeni ya dirisha.

Tuko hapa tangu tarehe mbili, hata ile barua ya hasira niliiandikia hapa hapa. Ilikuwa si mgongo, ni figo. Siku ile mwili wake ulikuwa wa moto hata paka alimkimbia, akawa ananiambia, "Bibi, zima jiko," na jiko lilikuwa halijawashwa. Anton alituleta kwa gari lake.

Kuna daktari mmoja, Nadejda, mwanamke mkavu, hana "habari za asubuhi" wala nini. Akaniuliza, "Bibi, mtoto umempa dawa gani?" Nikasema chai ya maua na asali. Niliogopa, Raisa. Niliogopa atanifokea mbele ya watu, mimi mtu mzima. Basi akamtundikia dawa ya kwanza. Siku zikapita, homa iko pale pale. Akatundika ya pili. Homa haikutikisika. Akanirudia, akakaa kitandani, safari hii sauti ameishusha: "Bibi Agafia, mimi napigana gizani. Niwashie taa." Ndipo nikatoa lile kopo kwenye mkoba. Nikamweleza vyeupe, vyekundu na njano, siku mbili, siku tatu, kubadilisha rangi. Hakunifokea kabisa. Afadhali angenifokea.

Walipeleka mkojo wake mji mkuu, Chişinău, kupimwa. Majibu yamekuja: dawa karibu zote wameandika mstari, maana yake hazifai. Imebaki moja ya sindano. Ina makali yake, daktari alinieleza yote, nikatia sahihi. Wamemchoma leo mara ya kwanza.

Usije bado. Ukija sasa utamtazama tu kama mimi ninavyomtazama, na kesho tutakula nini? Omba.

Mama


Padova, 8 Januari 2007

Mama,

Heri ya Krismasi yetu ya tarehe saba, kama kuna heri.

Barua yako ya mwaka mpya ina mistari mitatu. Homa imeshuka, mmerudi nyumbani, Mungu ni mkubwa. Nililia kwa furaha, nikampigia magoti Mama wa Mungu hapa sakafuni. Kisha nikapiga simu kwa Tudora nimsikie mwanangu.

Ukasema amelala. Sawa, mtoto ametoka kuugua, alale. Nikapiga siku iliyofuata ukasema yuko nje anateleza kwenye theluji. Mtoto aliyetoka hospitali, mgonjwa wa figo, umemwachia theluji? Jana, Krismasi yenyewe, ukasema koo limemkauka hawezi kuongea. Nikasema mpe simu tu, asikie mimi ninavyoongea, asijibu. Nikamsikia Tudora akipenga kamasi nyuma yako. Halafu ukakata.

Ilinca ambaye kumnyamazisha ni mpaka kadi iishe!

Mama, mimi silali. Nikifumba macho naona kitanda cha pembeni ya dirisha na hakina mtu. Chakula hakipiti. Mwana wa Bi Ersilia ananiuliza jambo naitikia lingine. Tafadhali nijibu kwa neno moja tu. Mwanangu yuko hai? Niapie kwa kaburi la baba. Kama hayupo sema hayupo, kuliko kunizika mimi kidogo kidogo kila Jumapili.

Raisa


Valea Răchitei, 15 Januari 2007

Raisa mwanangu,

Yuko hai. Naapa kwa kaburi la baba yako, na kwa mikono yangu hii miwili. Yuko hapa mezani, anakula viazi na maziwa ya mgando, amenyoosha miguu kwenye kiti changu. Soma sentensi hiyo mara nyingi kabla hujaendelea.

Nianze na la vidonge. Nimevikusanya. Siku tuliyotoka hospitali nilimwona mtoto wa msichana mmoja anayefanya kazi posta anakohoa, na mama yake kashika vidonge vyangu viwili, anataka kumpasulia kimoja kwenye uji. Nilimrukia, Raisa, nikampokonya kama mwizi. Kisha nikaenda kaburini, nikapiga magoti kwenye barafu. Nikasema, Grigore, nakunyang'anya, utanihukumu nikija. Nikapita nyumba kwa nyumba. Baadhi walinifukuza, wanasema Agafia amelaaniwa, anarudisha sadaka ya mumewe. Mzee Ananie alishavimeza kwa ajili ya jino. Tudora alivipondea bata bukini wake kwenye maji, eti wanenepe. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Padri alinirudishia vyake, macho chini. Vyote nimempelekea Daktari Nadejda avichome.

Sasa hilo lingine.

Ile sindano, daktari aliniambia kabla hajaichoma: inaua vijidudu, lakini inaweza kuondoka na masikio. Nilimuuliza, na tusipomchoma? Akasema hatafika Krismasi. Nikatia sahihi. Ningefanya nini? Niambie ningefanya nini.

Tulipofika nyumbani nikamwita aje ale, hakugeuka. Nikadhani ananinunia kwa ajili ya hospitali. Nikamwita kwa ukali. Kimya. Nikachukua sufuria kubwa ya kupikia jamu, nikaiachia sakafuni nyuma ya kisogo chake. Mbwa alibweka nje. Yeye aliendelea kuchora.

Daktari amempima. Masikio hayatarudi. Anasikia kidogo sana sikio la kushoto, ngurumo tu. Anatutazama midomo. Mwanzoni alikuwa analia, ananipiga ngumi kifuani, "Bibi, ongea kwa nguvu! Ongea!" na mimi nilikuwa napiga kelele mpaka koo linachanika. Sasa halii tena, hilo ndilo linaloniua.

Na kuna lingine daktari alilolisema mlangoni tunaondoka, nami nalilalia na kuliamkia. Kwamba vijidudu vile huenda bado viko mwilini mwake vimelala, na vikiamka tena, kabatini mwa hospitali hakuna kitu cha kumpa. Kwa hiyo kila akikimbilia chooni namfuata. Kila akijikuna namshika paji la uso. Usiku nasikiliza anavyopumua, na asubuhi namuuliza kwa vidole, panachoma? Anatikisa kichwa. Siku nitakayomwona anaitikia ndiyo, sijui nitakimbilia wapi.

Nilikuficha kwa sababu Jumapili simu ilipokuwa inalia, mimi na Tudora tulikuwa tunaruka kwa kushtuka, yeye haruki. Nikashindwa kukutamkia.

Usipige simu tena, mwanangu. Andika. Andika kwa herufi kubwa, ndiyo kwanza yuko darasa la kwanza.

Mama yako,
Agafia


Padova, 22 Januari 2007

ILINCA,

NI MIMI, MAMA. NAKUJA NYUMBANI NA GARI LA ANTON. SITAONDOKA TENA.

UKIUMWA POPOTE, HATA KIDOGO, MWAMBIE BIBI SIKU HIYO HIYO. USIFICHE.

USIMEZE KITU CHOCHOTE MPAKA DAKTARI NADEJDA ASEME. AKIKUPA DAWA, IMEZE YOTE MPAKA IISHE, HATA UKIJIONA MZIMA.

NISUBIRI MLANGONI. NIKIKUITA USIPOGEUKA, NITAKUJA MPAKA MBELE YAKO.

MAMA